Bei Huanzia Karume

Leo naanza na ugomvi. Unafungua simu, unakuta gauni la maua limetundikwa kwenye henga, limepigwa pasi likanyooka, na pazia jeupe nyuma yake. Mtu ameuliza, "Bei gani?" Mwenye ukurasa amejibu, "Njoo inboksi, mpenzi." Wa pili ameuliza, kajibiwa vilevile. Wa kumi naye vilevile. Watu hudhani huyu muuzaji anaficha bei. Mimi naona mara nyingi hana bei ya kuficha. Anasubiri mteja aje, amtazame picha na jina, akisie mfuko wake, ndipo ataje namba.

Na ukimkalisha chini ukamuuliza namba hiyo imetoka wapi, atakwambia: "Nilinunua elfu tatu na kitu, nauza elfu saba. Si nimepata zaidi ya mara mbili?" Hesabu hiyo ndiyo inayoua biashara nyingi za nguo za mtandaoni kabla hazijafika mwaka. Nazungumzia biashara ndogo hasa, ya dada au kijana wa Dar es Salaam mwenye mtaji wa laki mbili au laki tano, ghala lake chumba cha kulala, duka lake simu, anayechukua mitumba soko la Karume, Ilala, au nguo mpya Kariakoo na kuziuza Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Tuichukue hiyo elfu tatu na kitu tuifuate ilikotoka.

Mitumba inaingia nchini ikiwa imefungwa kwenye mabalo, na balo la kawaida lina uzito wa kilo 45. Nguo zenyewe zimetoka Uingereza, Ujerumani, Kanada, Marekani, siku hizi na China pia. Baadhi hazikuja moja kwa moja. Zimepitia Sharjah au Karachi, zikachambuliwa huko na kufungwa upya. Kwa hiyo balo linapofika Ilala likiwa limeandikwa gredi A, kuna watu wengine kwingine walishapitisha mikono yao humo. Wewe unanunua maandishi ya juu na sifa ya aliyelifunga. Ndani hujaona.

Sasa tufanye mfano. Tuseme umejikusanya na wenzako mkanunua balo la magauni kwa shilingi laki sita. Mnalifungua, mnahesabu vipande 180. Laki sita ukigawa kwa 180 unapata kama shilingi 3,300 kwa gauni. Hiyo ndiyo elfu tatu na kitu ya yule dada. Lakini subiri, yachambue. Magauni 50 ni mazuri, unayapiga picha na unajivunia. Sabini ni ya kawaida, hayana kosa, ila hakuna mtu atakayesimamisha kidole kwenye simu kwa ajili yake. Utayauza kwa majirani na wafanyakazi wenzako elfu tatu tatu. Arobaini yamepauka, utayatoa buku buku. Ishirini yana doa la bliichi, zipu imekufa au kwapa limeoza. Hayo hayana mnunuzi.

Jumlisha. Sabini kwa elfu tatu ni 210,000. Arobaini kwa elfu moja ni 40,000. Umerudisha 250,000. Zimebaki 350,000 za mtaji, na zimebaki nguo 50 tu za kuzirudisha. Kila gauni zuri linatakiwa libebe shilingi elfu saba. Kwa hiyo lile gauni la maua mbele ya pazia jeupe halikununuliwa elfu tatu na kitu. Lilinunuliwa elfu saba. Na yule dada anayeliuza elfu saba, akifurahi kwamba ameongeza mara mbili, amelitoa kwa bei aliyolinunulia na kumlipia mteja sabuni na pasi juu yake.

Ndiyo kusema, kwenye mitumba nguo inayouzika hubeba ile isiyouzika. Ukipanga bei ya nguo moja moja kana kwamba kila moja ilikuja peke yake kutoka Ulaya, hutajua mtaji umekwenda wapi. Utaona wateja wapo, simu inalia, miamala inaingia, na siku ya kurudi sokoni huna pesa ya balo jingine. Hapo ndipo watu husema wamerogwa.

Ndiyo maana kwa mwenye mtaji mdogo sishauri kununua balo. Nenda kwenye mnada. Fika Karume alfajiri, wakati mabalo yanafunguliwa. Muuzaji amesimama juu ya meza, anakata kamba, anavuta nguo moja, anaikung'uta mara moja hewani ili watu waione mgongo na kifua, anataja bei, na mikono kumi iko juu. Anayejua kazi yake hachukui kwa kuangalia rangi. Anaikamata, anageuza ndani nje, anatazama kwapa kwanza, kisha pindo, kisha mshono wa katikati, anapandisha zipu na kuishusha, halafu anaiinua juu ya kichwa kuelekea taa au tochi ya simu, maana tundu la nondo halionekani nguo ikiwa imelala. Yote hayo kwa sekunde chache, huku mwingine anaivuta upande wa pili. Kule Gikomba, Nairobi, nguo hizo za chaguo la kwanza wanaziita kamera, na huwa zimeshaondoka kabla jua halijachomoza.

Pale mnadani gauni zuri utaambiwa elfu sita, elfu saba, hata nane. Mgeni wa biashara anashtuka: "Kwenye balo si ni elfu tatu!" Tumeshaona kwamba si elfu tatu. Bei ya mnada ni ileile ya balo ikiwa imeshafanyiwa hesabu na mtu aliyefungua mabalo kwa miaka, na tofauti ni kwamba yale ishirini yenye doa yanabaki kwake. Kwa laki moja na arobaini unatoka na magauni ishirini, yote ya kupiga picha. Hasara ya balo bovu ameibeba yeye. Mimi naona hiyo ni bei ya haki kabisa, na anayekwambia siri ya mitumba ni kununua balo zima, mara nyingi anauza mabalo.

Umefika nyumbani na magauni yako ishirini. Yananuka ile harufu ya balo, harufu ya dawa na ghala, unaijua. Hayawezi kwenda kwa mteja hivyo. Unafua, unaanika, unapiga pasi, unapima kifua, kiuno na urefu kwa futi ya fundi, unapiga picha mbele na nyuma, unapiga na picha ya kasoro kama ipo, unaandika maelezo. Tuseme robo saa kwa kila gauni ukiwa mwepesi. Siku nzima ya saa nane utatengeneza magauni 32. Kama unajilipa shilingi 16,000 kwa siku, kila gauni limekula mia tano ya jasho lako. Wengi hawajilipi. Wanasema, "Si kazi yangu mwenyewe?" Ndiyo, ni yako, na siku utakapougua ukamwita mdogo wako akusaidie, utagundua kwamba ina bei.

Ongeza sabuni, umeme wa pasi, bando, nauli ya Ilala na mfuko mbadala wa kutilia nguo. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, na ule mfuko wa mia mbili au mia tatu umeingia kwenye hesabu ya kila muuzaji. Tuseme vyote hivyo ni 1,500 kwa gauni. Tumefika elfu tisa.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalipendi kulitaja: lipa ukipokea. Mteja wa Mbezi amekubali, bodaboda ametumwa, amefika, simu ya mteja haipatikani. Au inapatikana, na mteja anasema, "Samahani dada, nimepata dharura." Gauni linarudi, na bodaboda anataka pesa ya kwenda na ya kurudi. Ikiwa kati ya oda kumi moja inagoma hivyo na kukugharimu elfu sita, zile tisa zilizofanikiwa zinatakiwa zilipe, mia sita na kitu kila moja. Huwezi kumtumia bili yule aliyezima simu. Anayelipa ni mteja mwaminifu, kama vile gauni zuri linavyolipia gauni lenye doa. Si haki, najua. Lakini ukijifanya gharama hiyo haipo, utailipa wewe.

Njia ya kuipunguza ni kuomba nauli ya bodaboda ilipwe kabla, hata kama nguo italipwa mlangoni. Mteja wa kweli hagombi kwa elfu tatu. Na kwa pesa ya nguo, jipatie lipa namba, uachane na maisha ya kumwambia mteja "tuma na ya kutolea." Yapo mabishano mengi yanayoanza kwenye hiyo ada ya kutolea pesa, na mteja aliyekwishakubali elfu kumi na tano hapendi kugundua dakika ya mwisho kwamba ni elfu kumi na sita.

Kwa hiyo gauni letu limekaribia elfu kumi, na senti ya faida bado haijaonekana. Hapo ndipo unaposema bei yangu ni elfu kumi na tano, na unaisema hadharani. Mteja atakuja tu na neno lake.

"Mambo dada. Mwisho ngapi?"

"Poa mpenzi. Kumi na tano, ukichukua mawili nakufanyia ishirini na nane."

Umeona alichofanya muuzaji? Hajashusha bei ya gauni moja. Ametoa elfu mbili kwa sharti la kuuza mawili kwa safari moja ya bodaboda, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa inakula. Punguzo namna hiyo limetoka kwenye gharama iliyookolewa. Punguzo la "haya basi lete kumi" limetoka kwenye mtaji.

Wauzaji wengine wananiambia wanaficha bei kwa sababu ya washindani. Kwa mitumba sielewi. Gauni lako ni moja tu dunia nzima, au angalau Dar es Salaam nzima. Mshindani akiona umeandika elfu kumi na tano, atafanya nini? Hana la kwake kama hilo la kuliuza elfu kumi na tatu. Huo ndio uzuri wa mitumba kwa muuzaji wa simu: mteja hana pa kulinganisha. Ubaya wake ni kwamba picha moja inauza mara moja tu. Umepima, umepiga pasi, umepiga picha, limeuzwa, na kesho unaanza upya. Atakayekuja na kusema "nilipenda lile la maua" unamjibu kwamba limeshakwenda.

Nguo mpya za Kariakoo ziko kinyume chake. Picha moja inauza mara hamsini, saizi zote zipo, rangi sita. Lakini picha hiyohiyo iko kwenye kurasa mia mbili, na wateja wana vidole. Dakika tano zinamtosha mtu kuuliza kurasa nne na kurudi kwako kusema, "Mbona fulani anauza elfu ishirini?" Kwa hiyo kwenye mitumba unapanga bei kwa jicho lako na hesabu yako, kwenye nguo mpya bei anakupangia jirani yako, na hesabu yako inakusaidia jambo moja tu, kujua lini ukatae kuuza.

Hapa ndipo walipo mawinga. Msikilizaji wa Kariakoo hahitaji maelezo, lakini kwa walio mbali: winga hana duka wala mzigo. Anajua duka lipi lina nini, anapiga picha, anaposti, oda ikija anakwenda kuchukua, anaweka cha juu chake, anatuma. Mtaji wake ni miguu na simu. Watu wanawasema vibaya, na wapo wanaostahili, wanaopandisha kiatu cha elfu ishirini na tano hadi hamsini kwa mgeni wa mkoani. Ila winga mzuri anafanya kazi halisi. Mwalimu wa Songea anayetaka sare ya kamati ya harusi hawezi kupanda basi kuja kuzunguka Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Aggrey akilinganisha vitambaa. Anamlipa winga azunguke, akague mshono, afunge mzigo, aupeleke stendi ya Magufuli pale Mbezi na kumtumia picha ya risiti ya basi. Elfu tano ya cha juu kwa kazi hiyo sioni kama ni wizi. Naiona ndogo.

Tatizo la winga ni kwamba siku duka likifungwa, naye amefungwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, maduka yakafungwa, wakalalamikia kodi na masharti ya usajili wa maghala. Juni 2024 wakagoma tena. Winga aliyekuwa ameshapokea pesa za watu asubuhi ya mgomo alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Mitumba nayo ilikuwa na siku yake: Januari 2022 soko la Karume liliungua, na walioumia si waliokuwa na vibanda peke yao, nyuma yao walikuwapo watu waliokuwa wakitegemea meza ileile moja kila alfajiri. Jenga uhusiano na wauzaji wawili au watatu katika masoko tofauti, hata kama mmoja ndiye anayekupendelea na kukuwekea nguo pembeni. Wa pili mnunulie kidogo kidogo, akujue sura.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kuagiza China moja kwa moja, maana kila siku wanaona matangazo ya mizigo ya meli kutoka Guangzhou. Inawezekana, na wengi wametoka kimaisha kwa njia hiyo. Ila angalia muda. Unalipa leo, kiwanda kinataka idadi ya chini ambayo ni kubwa kuliko mahitaji yako, mzigo unakaa wiki kadhaa baharini, halafu bandari, halafu ghala la msafirishaji. Miezi miwili au mitatu pesa yako haijafanya kazi. Katika muda huohuo, mwenye laki mbili za Karume anaweza kuwa amezizungusha mara nne au tano. Faida ndogo inayorudi haraka inamfaa mwenye mtaji mdogo kuliko faida kubwa iliyo majini. Kama lazima, changieni watu watano mzigo mmoja, kila mtu achukue saizi na rangi zake, na mkubaliane mapema nani atashika pesa.

Na iwe China au iwe mitumba, ujue kwamba unanunua kwa dola hata kama hujawahi kuishika. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Aliyenunua mzigo wakati wa bei ya zamani akaendelea kuuza kwa bei ya zamani alionekana mwema, wateja wakamsifu, kisha akarudi sokoni akakuta pesa yake hainunui mzigo uleule. Kabla hujasema bei, mpigie simu anayekuuzia umuulize leo anauzaje. Bei yako itokane na pesa utakayohitaji kununua nguo nyingine kama hiyo. Ile uliyolipa mwezi wa tatu imeshapita.

Serikali nazo zina mkono wao kwenye bei. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo vya ndani. Marekani ikanung'unika na kutishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyozipa bidhaa za Afrika chini ya sheria yake ya AGOA. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata, Rwanda ikabaki na msimamo wake na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu hiyo upande wa nguo. Lakini tazama ilivyomgusa muuzaji. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Piga hesabu ya balo la kilo 45: ushuru ulikuwa dola 9, ukawa dola 112 na nusu. Muuzaji wa Kigali aliyekuwa akipanga bei kwa mazoea, hiyo siku mazoea hayakumsaidia.

Hapa kwetu, kumbuka Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Bado utazikuta, na bado kuna wanaozipiga picha kwenye meza nyeupe wakaziita "za duka." Achana nazo.

Turudi kwenye kuchagua mzigo, maana hapo muuzaji wa mtandaoni ana faida ambayo muuzaji wa meza hana. Muuzaji wa meza ya Ilala anauzia wapita njia wa Ilala, na Dar es Salaam ni joto. Jaketi zito la Ujerumani likitokea kwenye balo analitoa kwa bei ya hasira, kwa sababu nani atalivaa Buguruni? Lakini wewe una simu, na simu yako inafika Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na Arusha. Mwezi wa sita na wa saba huko watu wanatetemeka. Jaketi lililokataliwa Karume kwa elfu nne linaweza kuuzwa Njombe kwa elfu ishirini na tano, nauli ya basi juu ya mteja, na mteja akashukuru. Ukiniuliza mimi wapi pana pesa katika biashara hii, nitakujibu ni hapo, pengo kati ya hali ya hewa ya sokoni na hali ya hewa ya mteja. Anza kuyakusanya mwezi wa tatu na wa nne, kabla wenzako hawajakumbuka.

Kuna na kalenda ya mifuko. Kuanzia tarehe 25 hadi tarehe tano watumishi wana mishahara. Posti nguo zako nzuri siku hizo, si tarehe 17. Kabla ya Idi na Krismasi tafuta za watoto. Januari watu wanalipa ada na Wakenya wanaiita Njaanuari; nunua Januari, maana hata sokoni wauzaji wana njaa na wanasikiliza.

Halafu vipimo. Lebo ikisema 12 usiandike 12 ukaishia hapo. Namba 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani na 40 ya bara Ulaya, na kwenye balo moja zote zimo. Mteja wa Mwanza akipokea gauni lisilopita kifuani, kulirudisha ni nauli mbili za basi na jina lako kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa ofisini kwao. Andika sentimita. Futi ya fundi haifiki elfu mbili.

Kodi nitaigusa kidogo, kwa sababu nayo ni sehemu ya bei na watu wanaiona kama jambo la matajiri. Mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka ndiyo yamekuwa kiwango cha kusamehewa kodi kwa wafanyabiashara wadogo kabisa. Vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 vilitumia kiwango hicho. Milioni nne inasikika kubwa. Lakini uza gauni moja tu la shilingi 11,000 kila siku ya mwaka, utakuwa umeuza 4,015,000. Na ni mauzo yanayohesabiwa hapo, siyo faida. Kwa hiyo nunua daftari la mistari, andika kila kilichoingia na kilichotoka, kwa tarehe. Ukifika TRA, kwa watu wa mapato, na daftari unazungumza. Ukifika mikono mitupu unakadiriwa. Daftari hilohilo ndilo litakalokwambia kama gauni la maua lilikupa faida au lilikula mtaji.

Na likishakwambia, litakuonyesha pia mzigo uliolala. Kila muuzaji anao, umo kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila akiutazama anasema "utapata mwenyewe." Weka tarehe. Nguo ikikaa mwezi mmoja bila kuulizwa, ipige picha upya na ishushe hadi bei inayorudisha gharama. Ikifika miezi miwili, ifunge pamoja na wenzake ishirini na umpigie mama anayepeleka nguo kwenye magulio ya Mkuranga na Kisarawe. Atakupa elfu moja au elfu moja mia tano kwa kila moja, atazitazama kwa dharau ili ushuke zaidi, na wewe umwachie bila kinyongo, kwa sababu zile elfu ishirini au thelathini kesho alfajiri zinakuwa magauni matatu au manne ya Karume. Atakazozikataa hata yeye, za pamba, kata vifungo na zipu uziweke, fundi wako atazihitaji, na kitambaa kipeleke gereji. Mafundi magari wananunua matambara ya kufutia oili kila wiki, na wao hawaulizi mwisho ngapi.